Mtoto wa Mbeya au Iringa, Kifaransa cha nini?

Wadau, swali hilo naulizwa sana na vijana wenzangu ambao sasa wameanza kuitwa baba fulani na mama fulani. Wanasema Kiingereza chenyewe hakijakaa sawa, leo tuanze na Kifaransa? Si mbwembwe za watu wa Dar hizo? Mimi naona sivyo.

Tuanze na barabara. Simama Ipogolo pale chini ya mji wa Iringa, au Uyole kwetu Mbeya, uangalie malori yanayotoka bandari ya Dar kwenda Tunduma. Mengi hayaishii Zambia. Yanavuka Nakonde, yanakatiza mpaka Kasumbalesa, yanaingia Kongo hadi Lubumbashi na Kolwezi, na kurudi yanashusha shaba. Kongo hiyo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mtu wa Lubumbashi mtaelewana kwa Kiswahili, tena Kiswahili chake kina Kifaransa ndani: hospitali anaiita lopitali, hela anaita falanga. Ila ikija karatasi ya serikali au mkataba, Kifaransa kitupu. Hapo ndipo wafanyabiashara wetu wanapoanza kuhangaika kutafuta wa kuwatafsiria. Kwa hiyo mtoto wa Makambako au Tunduma ana sababu ya Kifaransa kuliko hata mtoto wa Masaki. Na Iringa kuna wageni wa Hifadhi ya Ruaha, Isimila na makumbusho ya Mkwawa kule Kalenga. Anayeweza kumsimulia Mfaransa habari za Mkwawa kwa lugha yake hakosi kazi kirahisi.

Sawa, lakini kwa nini aanze akiwa mdogo? Jibu ni sikio. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walionyesha kwamba mtoto mchanga anatofautisha hata sauti za lugha asizozisikia nyumbani, na uwezo huo unapungua sana kabla hajatimiza mwaka mmoja. Haufi wote, maana mtoto wa miaka minne au mitano bado anaiga lafudhi kwa namna ambayo sisi wakubwa hatuwezi tena. Kifaransa kina sauti ambazo Kiswahili hakina. Rue ni mtaa, roue ni gurudumu, na tofauti ni irabu tu. Halafu lire ni kusoma, rire ni kucheka. Sisi watu wa huku tunavyotaniwa kwa r na l, hapo pana kazi! Mimi nilianza Kifaransa kidato cha kwanza, sarufi nikaishika haraka, ila hiyo u ya rue mpaka leo Wakongo wananicheka.

Sasa msidanganywe na matangazo ya shule. Ile habari kwamba lugha ya pili inamfanya mtoto awe na akili kuliko wenzake, wataalamu bado wanabishana, na majaribio mengine hayakuona kitu. Kule Barcelona, Carmen Muñoz na wenzake walilinganisha wanafunzi wa Kiingereza waliopata saa sawa za masomo. Walioanza wakiwa wakubwa kidogo ndio waliokwenda mbele zaidi. Maana yake, vipindi viwili kwa wiki vya kuimba bonjour havimfikishi mtoto mbali. Udogo unasaidia pale anapoisikia lugha kila siku, kutoka kwa mtu anayeizungumza. Ukiongezewa ada kwa ajili ya Kifaransa, uliza kwanza: mwalimu mwenyewe anakiongea, au anasoma kitabuni?

Kuna wanaoogopa mtoto atachanganyikiwa. Jamani, mtoto wa Tukuyu anaongea Kinyakyusa na bibi, Kiswahili barabarani, na hajachanganyikiwa. Kuchanganya maneno kidogo mwanzoni ni kawaida. Ninachokikataa mimi ni kumnyamazisha Kihehe au Kinyakyusa ili Kifaransa kipate nafasi. Nafasi ipo ya vyote.

Kwa asiye na ada, mtafute Mrundi au Mkongo aliyesoma kwao na anayeishi jirani, mkubaliane nusu saa kila jioni: kuhesabu, salamu, majina ya vyakula, michezo. Asimfundishe sarufi. Wewe uliyekaa kafe, tovuti ya TV5MONDE ina masomo ya bure. Nyimbo za watoto nazo zimejaa mtandaoni, pakua uweke kwenye simu. Alliance Française ipo Dar na Arusha, mbali na sisi. Akikua, Kifaransa kipo kwenye mitihani ya NECTA ya kidato cha nne na cha sita, ila uliza mapema ni sekondari gani ina mwalimu.

Kama kuna anayemjua mwalimu mzuri wa watoto maeneo ya Mwanjelwa au Kihesa, aandike hapo chini. Wazazi wanaotafuta wapo.