Mkuu wa Chuo Kutoka Butiama

Watu wa Musoma wakisimulia habari za Mwalimu Nyerere huanzia Shule ya Mwisenge, alikoandikishwa mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Cheo chake cha Mkuu wa Chuo Kikuu hakitajwi sana, ingawa alikishika zaidi ya miaka 20.

Chuo chenyewe kilianza Oktoba 25, 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam: kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi wasiofika 15. Kikahamia Mlimani mwaka 1964, kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Mkuu wake tangu 1963 alikuwa Mwalimu.

Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wamevaa majoho, wakipinga kulazimishwa kuingia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wakihitimu, huku mshahara ukikatwa zaidi ya nusu. Mwalimu aliwasikiliza mpaka risala ikaisha. Kisha akawafukuza, zaidi ya 300, warudi makwao. Kuhusu mishahara alikubaliana nao kuwa ya wakubwa imezidi, akaanza na wake: akaupunguza kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa baadaye.

Julai 1, 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu akabaki Mkuu. Shughuli za kila siku akamkabidhi Pius Msekwa, mtu wa Ukerewe aliyetoka makao makuu ya TANU, awe Makamu.

Novemba 1974 mambo yakaja nyumbani. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma, ikatoa Azimio tunalolikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote. Kwa Mlimani lilikuwa na makali mengine: aliyemaliza kidato cha sita haingii tena chuoni moja kwa moja. Apitie JKT, afanye kazi, aje na barua ya mwajiri na ya chama. Nia naielewa, barua ndiyo inanipa shida, kwa maana bosi mwenye kinyongo alipewa funguo za chuo. Wasichana ndio walioumia zaidi. Idadi yao ilishuka, ikabidi waondolewe sharti la kusubiri.

Mwaka 1985 aliachia urais, akarudi Butiama kulima. Leo Butiama ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina lake, na kijana wa Bunda anakiomba akiwa na matokeo yake ya kidato cha sita tu, bila barua ya bosi.