Mpira wa Puani

Ukiingia wodi ya watoto huku kwetu pwani, kuna neno linalowatisha akina mama kuliko sindano: mpira. Mtoto akitiwa mpira puani, hata jirani wa kitanda huinamisha macho, kama vile mambo yamekwisha. Mimi chuo niliacha, kusoma sikuacha. Nikataka kujua huo mpira umetoka wapi.

Umetoka mbali. Mwaka 1790, huko London, daktari John Hunter alikuwa na mgonjwa aliyepooza koo. Alichukua uti laini wa nyangumi, akauvika ngozi ya mkunga, akamshushia maziwa, mayai na sukari mpaka tumboni. Mgonjwa akapona, akarudi kumeza mwenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki, njia inapita Kampala. Miaka ya 1950, hospitali ya Mulago, Rex Dean na wenzake walitibu watoto wa unyafuzi, ule wa kuvimba miguu, kwa mchanganyiko wa maziwa, sukari na mafuta ya pamba. Asiyeweza kunywa alipitishiwa mpira.

Kazi ngumu ilikuwa kipimo. Mwili ulioshinda na njaa muda mrefu umejipunguzia kazi. Ukiujaza ghafla, chumvi za damu huyumba, na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana leo wodi huanza na maziwa ya F-75, yaani kalori 75 kwa kila mililita 100. Mtoto wa kilo 6 asiyevimba sana hupewa kama mililita 65 kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Hicho ni kikombe cha kahawa chungu, basi. Bibi akiona husema mjukuu ananyimwa. Hanyimwi. Haba na haba.

Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI wako hospitalini tangu 1989, swali bado linaulizwa. Pamoja na Mombasa na Malawi, walijaribu F-75 iliyopunguzwa sukari. Matokeo ya 2019 yalionyesha watoto hawakutengemaa haraka zaidi.

Kwa hiyo kikombe ni kile kile, na mpira ni ule ule. Mama anayeukataa kwa hofu anapoteza saa ambazo mtoto hana. Siku mtoto atakapomaliza kikombe kwa mdomo wake, nesi atauchomoa.