Mwas wa Nairobi, Anne wa Bonde la Ufa

Mwaka 2000 Alejandro González Iñárritu alitoa Amores Perros, visa vitatu vya Jiji la Mexico vinavyogongana katika ajali moja ya gari. Ndani yake mna mbwa wa kupiganishwa, muuaji wa kukodiwa, na kijana anayempenda mke wa kaka yake. Iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Mwaka 2012 Kenya nayo ikapeleka huko filamu yake ya kwanza, Nairobi Half Life. Haikuteuliwa, ila nyumbani ilivuma kuliko filamu yoyote ya hapa niikumbukayo.

Vijana wa Kaptembwo na Kwa Rhonda, mitaa ya hapa Nakuru, hawakuhitaji kuelezwa safari ya Mwas, mhusika mkuu wa filamu hiyo. Wanaijua: matatu, kilomita 160 hivi za barabara kuu, halafu jiji lisilomjua mtu. Mwas anauza filamu kijijini na kuziigiza mbele ya wateja. Anataka kuwa mwigizaji. Hajakaa Nairobi hata kidogo kabla ya kuporwa kila kitu na kutupwa seli, na humo anashurutishwa kusafisha choo cha kutapisha. Hapo ndipo anapokutana na Oti, na kupitia kwake genge la wezi wa vipuri vya magari. Kisha anampenda Amina, mpenzi wa Oti. Mchana mazoezi ya jukwaani, usiku wizi. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alituzwa kuwa mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo, na alistahili: bunduki hazinishtui mle, uso wake ndio.

Mwongozaji, David "Tosh" Gitonga, alikuwa amewahi kuwa msaidizi katika The First Grader, filamu ya Mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Mzee huyo aliishia kambini, ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipomng'oa kwake.

Ghasia hizo zilipata filamu yao kutoka karakana ileile iliyomlea Gitonga, One Fine Day Films ya Mjerumani Tom Tykwer, iliyoshirikiana na Ginger Ink ya Nairobi. Ni Something Necessary ya Judy Kibinge, ya 2013. Anne, muuguzi, anazinduka hospitalini: mumewe ameuawa, shamba limechomwa. Joseph, mmoja wa vijana wa genge lililowavamia, anaanza kumtengenezea shamba kwa siri. Kwangu ni filamu kubwa kuliko Nairobi Half Life, ingawa haina hata kicheko kimoja cha kukumbukwa.

Nakuru iliwaka mwishoni mwa Januari 2008, Naivasha ikafuata siku chache baadaye. Huko watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja, mtaa wa Kabati. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru, Showground, ukageuka mji wa mahema.

Nadhani ndiyo sababu Mwas hutajwa kwanza huku kwetu. Genge la Nairobi unaweza kulisimulia kwa kinyozi watu wakacheka. La akina Joseph lilitoka mtaa wa pili, na kwenye benchi hilohilo la kinyozi hukosi mtu aliyelala Showground mwaka ule.