Ofisi ya zamani kando ya lami: angalia haya matatu kabla hujaigusa

Wadau, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ofisi ikichakaa kando ya barabara kuu utasikia neno moja tu: bomoeni, tuweke fremu. Mimi nasema subirini kwanza.

1. PIMA BARABARA
Barabara ya Tanzam inapita Ipogolo kwa watu wa Iringa, Uyole na Mwanjelwa kwa watu wa Mbeya. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande, unahesabu kuanzia katikati. Zamani ilikuwa mita 22.5. Hizo 7.5 zilizoongezeka ndio kasheshe: aliyekuwepo kihalali kabla ya sheria analipwa fidia, aliyevamia hana chake. Hata serikali haiponi. Mwaka 2017 pale Ubungo, Dar, jengo la makao makuu ya TANESCO lilipigwa X na sehemu yake ikavunjwa.

2. ULIZA UMRI
Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Sasa cheki: kituo cha Wajerumani Iringa kilianza 1896, mji wa Mbeya 1927. Maana yake ofisi zetu zote za kikoloni hazimo, mpaka Waziri alitangaze jengo lenyewe. Lisipotangazwa, sheria hiyo hailizuii katapila.

3. KAJIFUNZE BOMA LA IRINGA
Hili liko mjini juu, mbali kidogo na Tanzam. Wajerumani walilijenga 1900 kama hospitali ya jeshi, baadaye likawa ofisi za serikali. Mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa ukalikarabati kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho. Kuta ni zile zile, kazi ndio mpya: leo unaingia unasoma habari za Wahehe na Mkwawa.

Kwa hiyo msimamo wangu: jengo likiwa ndani ya hifadhi, usiweke hela yako. Likiwa nje na bado imara, likarabatiwe, lipewe kazi nyingine. Na wewe unayetaka kupanga fremu, kabla hujalipa kodi ya miezi sita pita TANROADS na ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaulize. X ikichorwa, dalali hapokei simu.

Naomba kuwasilisha.