Ufuo Uliopinda: Hoja ya Bahari ya Kale ya Mirihi

Maji yaliyotulia hayana kilima. Hukaa sawa pote, na alama yanayoiacha ukingoni hubaki kwenye kimo kimoja hata yakishakauka. Ndiyo maana mwashi wa Mombasa au Unguja anayechonga jiwe la matumbawe mahali pakavu, juu kuliko maji ya bamvua yanapofika, ana haki ya kusema bahari iliwahi kukaa hapo. Wanajiolojia wanamuunga mkono: sehemu kubwa ya mwamba huo ni matumbawe yaliyokua takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyozaa, na nusura iue, dai kwamba sayari ya Mirihi nayo ilikuwa na bahari. Dai lenyewe naliona ni sahihi. Kosa lilikuwa kumtanguliza shahidi aliye dhaifu kuliko wote, yaani mstari wa ufuo, ilhali mashahidi wazito walikuwa hewani na chini ya ardhi.

Mwaka 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipita kando ya Mirihi na kutuma picha chache za kasoko tupu, kama za Mwezi. Waliotarajia mifereji na mimea wakanyamaza. Miaka sita baadaye Mariner 9 kiliizunguka sayari badala ya kuipita tu, kikakuta mabonde makavu yenye matawi kama ya mito, na mikondo mipana iliyochongwa na mafuriko makubwa. Mikondo ya Kasei na Ares, kwa mfano, inaelekea nyanda za chini za kaskazini. Nusu ya kusini ya Mirihi imeinuka na imejaa kasoko. Ya kaskazini iko chini yake kwa kilomita kadhaa, nayo ni laini kama sinia. Mwaka 1989 Timothy Parker na wenzake, wakizichambua picha za vyombo vya Viking, walionyesha mistari miwili inayofuata ukingo wa sinia hilo kwa maelfu ya kilomita, wakasema huenda ni fukwe. Mstari wa nje, ulio mkongwe zaidi, ukaja kuitwa Arabia. Wa ndani ukaitwa Deuteronilus.

Kisha likaja pigo. Mars Global Surveyor, kilichofika huko 1997, kilibeba kamera kali na kipimo cha leza cha kupimia miinuko. Mwaka 1999 Michael Malin na Kenneth Edgett walizitazama picha mpya za mahali palipodaiwa kuwa ufuo, wasione ngazi wala tuta lililojengwa na mawimbi. Leza nayo ilileta habari mchanganyiko: Deuteronilus ulikaribia usawa, lakini Arabia ulipanda na kushuka kwa zaidi ya kilomita 2. Bahari gani hiyo, upande mmoja umekaa juu ya mwingine kwa kimo cha mlima? Watetezi walijibu kwamba kilichopinda ni ardhi, si maji. Mwaka 2018 Robert Citron, Michael Manga na Douglas Hemingway walikokotoa kwamba Tharsis, lundo kubwa la volkeno karibu na ikweta, liliikunja sayari kwa uzito wake, na kwamba ufuo uliochorwa kabla lundo hilo halijakamilika ungepinda takriban vile Arabia ulivyopinda. Jibu ni zuri, ila lina dosari ya majibu yote yanayokuja baada ya kosa kuonekana: linauokoa ufuo bila kuuthibitisha. Ukiruhusiwa kuukunjua mstari mpaka ulingane, hushindwi kuupata usawa. Kuhusu ngazi zilizokosekana, upepo wa miaka zaidi ya bilioni 3 unaweza kufuta mengi. Tena miezi miwili ya Mirihi ni midogo mno, hivyo bahari ya huko isingejua kujaa na kupwa kwa mita karibu 4 kama pwani yetu wakati wa bamvua.

Tuuache ufuo basi, tuyaulize maji yenyewe. Maji yana haidrojeni ya aina mbili, nyepesi na nzito. Mwanga wa jua ukiyavunja juu angani, nyepesi hutoroka upesi na nzito hubaki nyuma. Ni kama mchuzi ulioachwa jikoni: kadiri unavyokauka, ndivyo chumvi inavyozidi. Mwaka 2015 Geronimo Villanueva na wenzake, wakitumia darubini kubwa za Chile na Hawaii, walikadiria kwamba maji yaliyobaki Mirihi, mengi yakiwa barafu ya kwenye ncha, yana haidrojeni nzito takriban mara 7 kuliko bahari za Dunia. Wakarudi nyuma kwa hesabu, wakapata kwamba zamani sayari ilikuwa na angalau kilomita za ujazo milioni 20 za maji, yanayotosha kuifunika yote kwa kina cha mita 137 kama yangetandazwa. Maji hayatandazwi, hutafuta bonde, na sehemu kubwa ya bonde la Mirihi iko kaskazini.

Mpinzani atasema kiasi hicho hakitoshi, na ana hoja. Mwaka 2010 Gaetano Di Achille na Brian Hynek walipima vimo vya delta za kale zaidi ya 50, wakakadiria bahari ya kilomita za ujazo milioni 124, yaani mara sita ya hesabu ya haidrojeni. Pengo hilo ni kubwa. Lakini neno “angalau” halikuwekwa kwa mapambo: haidrojeni inayahesabu maji yaliyopotelea angani tu, haiyahesabu yaliyonywewa na mawe. Mwaka 2021 Eva Scheller na wenzake walikadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 99 ya maji ya mwanzo yalinaswa ndani ya madini ya gamba la sayari. Makadirio mapana hivyo hayamalizi ubishi, ila yanaonyesha pa kuyatafuta maji yaliyokosekana.

Shahidi ninayemwamini zaidi ni Zhurong, gari la China lililotua Utopia Planitia Mei 2021. Lilikuwa na rada inayopiga mawimbi chini na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kila tabaka. Matokeo yaliyotangazwa 2025 yanaonyesha, kati ya mita 10 na 35 chini ya njia lililopita, matabaka yaliyolala mteremko, yote yakiinamia upande mmoja, kuelekea nyanda za chini, kwa nyuzi 6 hadi 20. Anayechimba mchanga wa ufukweni hukuta mistari ya namna hiyo, wimbi juu ya wimbi, ikishuka kuelekea majini. Je, si vilima vya mchanga wa upepo? Vya upepo kwa kawaida huwa na mteremko mkali zaidi, tena hubadilika upepo ugeukapo. Si lava? Kasi ya mawimbi ya rada inalingana na mchanga kuliko mwamba wa volkeno. Njia iliyopimwa ni fupi, kilomita 1 na ushei, na ningependa ingekuwa mia. Hata hivyo ushahidi huu haujali kama nchi ilikunjwa baadaye, na kwa kuwa ulifukiwa, upepo haukuufikia.

Limebaki pingamizi la baridi, nalo ndilo zito kuliko yote. Enzi ya bahari hiyo Jua lilitoa takriban robo tatu tu ya mwanga wa leo, na mifano ya kompyuta inapata shida kuweka bahari iliyo wazi Mirihi kwa muda mrefu. Hapa nakubali kurudi hatua moja. Hakuna ushahidi unaodai bahari ya vuguvugu iliyodumu bila kukatika. Huenda kwa muda mwingi ilikuwa chini ya barafu, ikifunguka volkeno zilipotapika gesi za kutosha kushika joto. Lakini ufuo hujengwa na mawimbi, na chini ya barafu hakuna mawimbi, kwa hiyo kwa kipindi fulani maji yalikuwa wazi. Kilichopungua ni muda, bahari ilikuwepo.

Kuuthibitisha mchanga huo kwa mkono kunahitaji kuchimba mita 10. Kifaa cha chombo InSight huko Mirihi, kilichokusudiwa kujichimbia hadi mita 5, kiliachwa Januari 2021 kikiwa kimezama urefu wake tu, sentimita 40 hivi.