Abiria wa Sitaha: Maisha Ndani ya Liemba

Wekeni kalamu chini, msikilize.

Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma kwa gari la moshi. Iliingia majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi isishike kutu. Akili hiyo! Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikarudi safarini mwaka 1927.

Aliyeijua kweli ni abiria wa sitaha, aliyelala kando ya magunia ya dagaa, mtoto ubavuni. Gati zilikuwa chache. Honi ilipolia usiku, mitumbwi iliizunguka meli. Mama mwenye mzigo alingoja wimbi liinue mtumbwi, ndipo ashike mkono wa baharia. Akisitasita, mtumbwi umeshuka.