Plazima Yenye Vumbi: Kisa cha Jina

Neno plazima asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kitu kilichofinyangwa. Matabibu walilitumia kutaja majimaji ya damu. Mwaka 1928 mwanakemia wa Marekani, Irving Langmuir, akalitwaa kuitia gesi iliyopitiwa na umeme hata elektroni zikabanduka kutoka katika atomi. Harold Mott-Smith, aliyefanya kazi pamoja naye, alieleza baadaye kwamba namna gesi hiyo ilivyochukua elektroni na hata takataka ilimkumbusha Langmuir jinsi damu ichukuavyo chembe zake.

Wanafizikia wengi wameuona mfano huo kuwa dhaifu. Mimi naona vumbi limeupa nguvu. Chembe ya vumbi ikiingia katika plazima hunasa maelfu ya elektroni, kwani hizo huenda mbio kuliko ioni. Basi chembe zote huwa na chaji hasi, nazo husukumana. Mwaka 1986 H. Ikezi alibashiri kwamba zaweza kujipanga kama fuwele, na mwaka 1994 watafiti wa Ujerumani, Taiwan na Japani walizishuhudia zimejipanga hivyo.

Lakini hapa duniani uzito huzivuta chembe chini, zikabaki matabaka machache juu ya elektrodi. Ndipo mwaka 2001 chombo PKE-Nefedov kikaanza kazi katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kikiwa na jina la Anatoli Nefedov, mwanafizikia wa Urusi aliyefariki mapema mwaka huo huo. Huko chembe zilitanda pande zote, ila katikati pakabaki uwazi mtupu: ioni zitokazo katikati zilikuwa zikizisukuma nje.

Mfasiri wa habari hizi hukwama penye maneno mawili. Vumbi la chombo PK-4, kilichofuata mwaka 2014, ni vijitufe vya plastiki vyenye ukubwa sawa, wala si uchafu. Hata hivyo nisingeliacha neno vumbi, maana katika pete za Zohali ni vumbi kweli. La pili ni zito zaidi. Wengine husema "uvutano mdogo", na hilo ni kosa: katika kimo cha kilomita 400 uvutano wa Dunia ungali kama sehemu tisa katika kumi za ule wa hapa chini. Kituo, wanaanga na chembe huanguka pamoja, kwa hiyo hakuna kinachomwelemea mwenziwe. Kilichopungua ni uzito. Napendekeza, basi, tuseme hali ya uzito hafifu.